Siku Isiyokuwa na Miadi



Sisi watu wa Pwani tuna Nairobi yetu, nayo si ile inayopigwa picha. Nairobi yetu ni ya hospitali za rufaa, ya ofisi za serikali, ya balozi na ya mahakama. Twaenda kwa sababu tumeitwa, twakaa juu ya benchi mpaka jina lisomwe, kisha twageuka na kukimbilia kituo cha Syokimau tuliwahi gari la moshi la kurudi nyumbani. Mwulize mzee yeyote wa Mombasa, Malindi au Lamu amekwenda Nairobi mara ngapi, naye atakutajia idadi bila kusita. Mwulize ameona nini, atakutajia rangi ya kuta za korido.

Mwezi uliopita tulikwenda tukiwa watatu: mama yetu, ambaye ametimiza miaka 71, binti yetu wa miaka 12, na sisi tunaowaandikia safu hii. Mama ana ugonjwa wa glakoma, ule ambao wengi wetu twauita presha ya macho. Ni ugonjwa wa hila. Huanza kula pembezoni mwa uoni, polepole, mara nyingi bila maumivu, hata mtu akaja kutambua amekwisha kupoteza sehemu kubwa. Mama alitambua siku alipomgonga mjukuu aliyekuwa amesimama ubavuni pake, akasema hakumwona. Safari hii ilikuwa ya nne, na ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, kwa kuwa daktari alikuwa atueleze kama dawa ya matone imeuzuia ugonjwa au haikuuzuia.

Tulifika katika kliniki, iliyo kwenye viunga vya magharibi mwa jiji, saa mbili kamili asubuhi. Pale mezani tukaambiwa kwamba daktari ameitwa kwingine, turudi kesho wakati kama ule. Hakuna aliyetupigia simu. Tulikuwa tumelala usingizi wa mang'amung'amu kwa jamaa zetu wa South C, tumeamka kabla ya Alfajiri, tumekaa katika msongamano wa magari zaidi ya saa nzima, na hasira zilikuwa zimetufika kooni. Mama ndiye aliyetukata maneno. Alikaza mtandio wake, akasimama, akasema, "Basi leo sina miadi na mtu. Nimekuja mji huu mara nne na sijauona. Nipelekeni mahali."

Hatukuwa na jibu, wala hatukuwa na mpango. Ilitupitia haya, maana katika safari zote nne hatukuwahi kumwuliza mzazi wetu swali dogo kama hilo: Mama, ungependa kuona nini? Binti yetu akatoa simu, akatafuta makumbusho yaliyo karibu. Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ambayo hatukuiomba.

Kwanza tulikwenda Karen, kwenye nyumba ya zamani ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912, ya chini, yenye baraza na bustani pana nyuma yake, na kutoka hapo milima ya Ngong huonekana kama vifundo vya ngumi. Mwanamke huyo alifika nchini mwaka 1914, akakaa katika nyumba hiyo tangu 1917 hadi 1931. Shamba lake lilikuwa la takriban ekari 6,000, na sehemu yake alipanda kahawa. Kahawa ilimshinda, kwa kuwa ardhi ile iko juu mno na baridi yake haiipendi. Deni likamla, shamba likauzwa, akarudi kwao na kuandika kitabu kilichompa umaarufu. Serikali ya Denmark iliitoa nyumba hiyo kuwa zawadi kwa Kenya wakati wa uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Huenda mtatuuliza: habari za mzungu na kahawa yake zamhusu nini mama wa Kiislamu wa Mombasa? Na sisi tulijiuliza hivyo hivyo pale mlangoni. Lakini kijana aliyetuongoza alipotaja jina la Farah Aden, Mama aligeuza kichwa chote kumtazama. Siku hizi hutazama hivyo, kwa kugeuza kichwa, kwa sababu pembe za macho hazimsaidii tena. "Farah yupi?" akauliza. Akaelezwa kwamba Farah alikuwa Msomali, Mwislamu, aliyesimamia nyumba ile tangu bibi yule alipofika hadi siku alipoondoka. Yeye ndiye aliyeshika funguo, yeye ndiye aliyeshika fedha, yeye ndiye aliyesema na watu kwa niaba yake. Mke wake na jamaa zake wa kike walikaa humo humo shambani, na mwandishi yule aliandika mengi juu yao na heshima yao.

Tukasikia pia kwamba rafiki mkubwa wa bibi huyo, mwindaji Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba Takaungu, pale pale kwetu Kilifi, na kwamba alifariki kwa ajali ya ndege huko Voi mnamo Mei 1931, akazikwa katika milima ya Ngong tuliyokuwa tukiitazama. Binti yetu, ambaye ana shangazi Takaungu, alifurahi kana kwamba ameonana na jirani.

Kuna jambo jingine ambalo hatutaki kulipita. Ardhi ile kabla ya kuwa shamba la kahawa ilikuwa na watu, na hata wakati wa kahawa Wakikuyu waliishi humo kama wapangaji katika nchi ya babu zao. Shamba lilipouzwa iliwapasa waondoke. Kabla ya kusafiri, bibi yule alizunguka maofisi ya serikali akiomba wapewe mahali pa kukaa pamoja badala ya kutawanywa, na ombi lake likakubaliwa. Mama alilisikiliza hilo kimya. Tulipotoka bustanini akasema, "Alifanya wema, Mungu amlipe. Lakini kitu cha mtu ukimwombea wewe, hujamrudishia." Hatukuongeza neno.

Tulirudi mjini kwa matatu kupitia barabara ya Ngong. Utingo alimshika Mama mkono akamwambia, "Shosho, panda polepole," naye akatuuliza njia nzima Shosho ni nani, mpaka abiria mmoja akamweleza kwamba ndivyo Nairobi wanavyomwita bibi. Akaridhika. Tulipoipita Kibra kwa upande tukamwonyesha upande ulipo Makina na msikiti wake, mahali pa Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliopewa makazi pale zama za ukoloni palipokuwa pori. Jina lenyewe Kibra, kwa Kinubi, maana yake ni msitu. Mwaka 2017, baada ya kudai kwa zaidi ya karne, walipewa hati ya ardhi ya ekari 288. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi," kama aliyesikia habari ya ndugu zake.

Adhuhuri ilitukuta katikati ya jiji, katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Kuba zake tatu na minara yake miwili huonekana ghafla kati ya majengo marefu. Dada zetu wanaosafiri wajue kwamba pana mahali pa wanawake kuswali na kutawadha. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa kwa msafiri, na Mama akanyoosha miguu kwenye zulia kwa muda.

Mkabala na msikiti huo lipo jengo la mawe lenye nguzo ndefu na simba wawili langoni. Hilo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika na Mwasia hawakuruhusiwa kuingia humo; Mwislamu angeweza kutoka kuswali na kuutazama mlango wa vitabu kutoka ng'ambo ya njia, asiuvuke. Leo ni maktaba ya umma. Binti yetu alisoma katika simu kwamba ndiyo maktaba kongwe kuliko zote Nairobi, lakini kwa nchi nzima ni ya pili. Ya kwanza ni ya Seif bin Salim, nayo iko Mombasa! Alituuliza kwa mshangao kwa nini hatujawahi kumpeleka. Tulimwahidi. Ahadi hiyo tutairudia mwishoni mwa safu hii.

Kutoka Jamia tulipanda mtaa wa Muindi Mbingu, tukalipita Soko la Jiji na harufu zake za maua na samaki, na mwendo mfupi mbele tukafika Bustani ya Jeevanjee. Tuwe wakweli: bustani yenyewe haishangazi kwa uzuri. Ni ya ukubwa wa wastani, ina miti ya kivuli, njia za kupita na mabenchi. Vijana wa chuo wamejilaza kwenye nyasi. Mhubiri anahubiri mahali, na hatua chache kutoka kwake wanaume wamesimama duara wakijadili siasa kwa ukali na adabu. Hao hujiita Bunge la Mwananchi. Wako wauza karanga, wako waliochoka, wako wasiokuwa na kazi. Tulipata benchi chini ya mti, Mama akafungua mfuko wake akatoa mahamri yaliyobaki ya safari na chupa ya chai. Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali popote siku ile.

Baada ya kunywa Mama akauliza, "Twalipa nani?"

Tukamwambia hakuna malipo, bustani ni ya watu wote.

Akasema, "Hakuna cha watu wote ambacho hakikutolewa na mtu. Nani alikitoa?"

Tulikuwa tunajua kidogo, na kidogo kingine tukakisoma pale pale. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, akafika Mombasa mwaka 1890 na kuanza biashara kwetu Pwani kabla ya Nairobi kuwapo. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, yeye alikuwa miongoni mwa walioleta vibarua na vyakula. Mombasa ndiko alikoanzisha gazeti ambalo baadaye lilikuja kuwa The Standard. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa Mwasia wa kwanza humo, akalitumia kupinga ubaguzi wa walowezi. Na mwaka 1906, mji wa Nairobi ulipokuwa bado vumbi na mabati, aliitengeneza bustani ile kwa mali yake na kuwapa watu wa mji wapumzike. Alifariki mwaka 1936, na inasemekana mali nyingi ilikuwa imekwisha kumtoka. Bustani ikabaki.

Hatusemi kwamba kwa sheria bustani hiyo ni wakfu. Hilo ni la mawakili. Lakini mtu wa Pwani akiketi pale ataitambua nia yake bila kuelezwa. Sisi tumekulia katika miji ambayo msikiti una duka lake la wakfu, kisima kina jina la aliyekichimba, na shamba la minazi liliachwa na bibi fulani ili mapato yake yawashe taa za chuo. Tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema anayemwombea.

Na habari ya mtoto mwema ipo pia katika bustani hiyo. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa la kuegesha magari, pamoja na maduka. Zama hizo kuipinga serikali hadharani kulikuwa jambo la kuhatarisha nafsi. Aliyesimama ni mwanamke, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Alipiga kelele, wenyeji wakamuunga mkono, na mpango ukaachwa. Baadaye aliandika kitabu cha maisha ya babu yake ili watu wajue waliketi juu ya sadaka ya nani. Babu alitoa, na miaka 85 baadaye mjukuu akalinda. Bila ya huyo wa pili, zawadi ya wa kwanza ingekuwa leo ni maegesho ya magari.

Mama alimwita mtoto mmoja wa njiani akampa mahamri mawili. Kisha akasema, "Haya, twendeni. Nimepumzika juu ya mali ya mtu, nimemwombea."

Tuliteremka hadi barabara ya Kenyatta na kuifuata kuelekea magharibi, mikoba yetu tumeikumbatia kifuani kama tulivyousiwa, mpaka mwisho wa barabara inapokutana na Uhuru Highway. Hapo pana jengo refu la Nyayo House, ambalo wengi wenu mnalijua kwa safari za pasipoti. Vizazi vilivyotutangulia vililijua pia kwa vyumba vyake vya chini, walimoteswa wafungwa wa kisiasa katika miaka ya 1980. Lakini chini ya kivuli chake kuna nyumba ndogo ya mawe, ya mwaka 1913, ambayo tumeipita mara nyingi bila kuitazama. Siku hizi huitwa Nairobi Gallery, na ni makumbusho. Zamani ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na humo ndimo watu walimoandikishiwa kuzaliwa, ndoa na vifo. Na hapo ndipo nukta sifuri ya nchi, mahali panapoanzia hesabu ya umbali wa njia kwenda kila upande wa Kenya.

Mama alicheka aliposikia hayo. Yeye hana cheti cha kuzaliwa hata leo. Alizaliwa, kwa maneno ya marehemu bibi yetu, "kusi ilipoanza, mwaka ule wa njaa". Mwaka wake katika kitambulisho ulikisiwa na karani. "Kumbe hapa ndipo nilipokosekana," akasema.

Ndani mna hazina ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Goa na mama yake Mmasai. Alipoacha siasa aliutumia umri wake, pamoja na mkewe Sheila, kukusanya kazi za mikono ya Waafrika: vinyago, nguo, mapambo ya fedha na shanga, vitabu, na hata stempu. Binti yetu alisoma maandishi ya kila kabati kwa sauti, na Mama alisimama karibu na vioo, akisogeza kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, akivichukua vitu kipande kwa kipande. Alikawia mbele ya mapambo. Alitueleza lipi linafanana na la mama yake, na lipi si la kazi nzuri. Kwa nusu saa yeye ndiye aliyekuwa mwongoza wageni, na mlinzi wa makumbusho akaja kusikiliza.

Kwa wale watakaopenda kwenda: katika makumbusho ya taifa raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi kitambulisho kiwe mkononi, na simu iwe na fedha kwa kuwa malipo hufanywa kwa simu. Bustani ya Jeevanjee na Uhuru Park hazina kiingilio.

Uhuru Park ndipo tulipomalizia. Ipo ng'ambo tu ya barabara, na ilifunguliwa mwaka 1969. Mama alikuwa amechoka, lakini hakutaka kurudi. Tulipanda taratibu hadi kwenye mteremko wa nyasi, tukakaa tukiangalia mji, jua likiwa nyuma yetu. Hapo tulimsimulia habari ya Profesa Wangari Maathai, kwamba mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani hiyo hiyo, naye akaupinga kwa barua baada ya barua. Bungeni wakamcheka, naye rais wa wakati huo akasema kwamba mwanamke mwema wa Kiafrika huwaheshimu wanaume. Jumba halikujengwa. Na mnamo Februari 1992, katika pembe ambayo leo huitwa Freedom Corner, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi na kugoma kula wakitaka wana wao wafunguliwe. Polisi waliwatawanya kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Wakaingia katika kanisa la All Saints lililo karibu, wakaendelea kukesha humo kwa karibu mwaka mzima, na wana wao wakatoka.

"Hao walikuwa wa umri gani?" Mama akauliza.

"Wengi walikuwa wazee, Mama. Wa umri wako."

Alinyamaza. Jua lilikuwa limeshuka, na mwanga wake ukapiga kuta za magharibi za majengo yote ya jiji, mnara wa KICC ukawa kama shaba iliyosuguliwa. Mama akaanza kuyahesabu majengo kwa kidole, kama anavyohesabu tasbihi. Akafika tisa, akasimama. "Tisa," akasema, ameridhika.

Yalikuwa mengi zaidi ya hayo. Binti yetu alifungua kinywa, akatutazama, kisha akaegemea bega la bibi yake na kusema, "Ndiyo, Bibi, tisa." Sisi tuliinama tukajifanya twakunja kifuniko cha chupa ya chai.

Asubuhi yake daktari alikuwapo. Alitueleza kwa upole kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini matone yamefanya kazi, na kilichobaki kimekaa pale pale kilipokuwa miezi sita iliyopita. Kitaendelea kukaa ikiwa dawa haitakosekana hata siku moja. Tangu siku hiyo binti yetu amejipa kazi: humtia bibi yake matone baada ya Alfajiri na baada ya Isha, na anaandika katika daftari. Hapa twawausia, wasomaji wetu, hasa wenye umri wa zaidi ya miaka 40 na wale ambao mzazi au ndugu ana ugonjwa huu: pimeni macho kabla hayajalalamika. Glakoma haipigi hodi.

Tumeirudia siku ile moyoni mara nyingi. Wasafiri wa nchi nyingine hupanga mwaka mzima ili wapate siku kama hiyo. Sisi tuliipata kwa sababu mlango ulifungwa usoni petu. Lakini hatukutaka kuwaandikia ili tu kuwasifia Nairobi. Tumewaandikia kwa sababu ya swali la Mama pale bustanini: nani alikitoa? Nasi twaongeza la pili: nani anakilinda?

Yaulizeni maswali hayo hapa kwetu. Ni watoto wetu wangapi, waliozaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu, hawajavuka lango lake, ilhali watalii huvuka bahari kuja kuiona? Ni nani kati yetu ajuaye majina ya waliotoa viwanja wanamocheza wanetu, na ni nani amewahi kuuliza hati za viwanja hivyo ziko kwa nani? Mama Ngina upepo ni bure na bahari ni bure. Lini mara ya mwisho tulimtoa mzazi nyumbani, si kwa daktari, si kwa mazishi, bali kwa kumwambia: Mama, leo hatuna miadi, ungependa kuona nini?

Jumamosi iliyopita tulitimiza ahadi, tukampeleka binti yetu Maktaba ya Seif bin Salim. Mama alikwenda pia. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, penye mwanga mzuri, akamwambia mjukuu wake achague kitabu amsomee.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia kwa kutoa, na atujaalie tuwe katika wanaolinda. Amin. Tukutane wiki ijayo, inshallah.